Aibu Si ya Mtoto



Kila kizazi kina hatari zake, na kila mzazi hulinda mlango anaoufahamu. Wazee wetu waliijua njia ya kisimani, njia ya shuleni na saa ya kurejea kutoka ngomani. Walimjua jirani mwema, na walimjua jirani wa kuepukwa. Leo mgeni hapigi hodi. Huingia kwa njia ya simu ya mkononi, huketi kando ya mtoto usiku wa manane, huzungumza naye kwa maandishi, na mzazi aliye chumba cha pili hasikii neno. Kwa sababu hiyo tumeona usalama wa watoto mtandaoni usiachiwe mafundi wa kompyuta peke yao. Ni suala la haki, na ni suala la amani ndani ya familia.

Hatuanzi kwa kuilaani simu. Mtoto hujisomea kwayo, hutafuta mitihani ya miaka iliyopita, huwasiliana na ndugu walio mbali. Mwaka 2021 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilieleza kwamba haki zilizomo katika Mkataba wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, zinamfuata mtoto hata mtandaoni: haki ya kujua na kusema, pamoja na haki ya kulindwa. Mzazi anayeivunja simu kwa hasira hajamaliza kazi yake. Kesho mtoto ataazima ya rafiki.

Ukubwa wa jambo lenyewe umepimwa. Utafiti uliofanywa nchini Tanzania na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, na kutolewa mwaka 2022, ulionesha kwamba miongoni mwa watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, angalau asilimia 4 walipatwa, katika muda wa mwaka mmoja, na unyanyasaji mzito wa kingono kwa njia ya mtandao: kutishwa, kusambaziwa picha zao za faragha, au kushurutishwa kwa ahadi za fedha na zawadi. Watafiti walikadiria kuwa hao ni watoto wapatao 200,000. Walibainisha pia mambo mawili ya kutuamsha: mara nyingi mkosaji alikuwa mtu ambaye mtoto alimfahamu tayari, na ni watoto wachache sana waliofikisha habari polisi.

Mtego wenyewe hutegwa polepole. Kwanza huja sifa: u mzuri, una akili kuliko wenzako. Kisha huja zawadi ndogo, vocha au bando. Kisha huja siri: usimwambie mama, hatatuelewa. Baada ya siri huombwa picha moja. Picha ikishatoka, sauti ya upole hugeuka: leta nyingine, au leta fedha, au njoo tuonane, la sivyo picha hii itafika shuleni na kwa baba yako. Wavulana nao hunaswa vivyo hivyo, ingawa tumezoea kuwaonya mabinti peke yao.

Tuitazame basi kamba inayoufunga mtego huo. Ni hofu ya mtoto kwa watu wake mwenyewe. Mwovu anajua kwamba mtoto ataiogopa fimbo ya nyumbani kuliko vitisho vyake. Nyumba ambamo mtoto anayesema ukweli hupigwa, hutukanwa na kutangazwa kwa ukoo mzima, imemsaidia mwovu bila kujua. Haki yadai kila mzigo uwekwe mahali pake. Mtoto aliyedanganywa amekosa busara ya utu uzima, ambayo umri wake haujampa. Aliyemdanganya ametenda jinai. Aibu ni yake huyo.

Yatupasa pia kuitazama mikono yetu. Picha ya mwanafunzi ikivuja, huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya kazini, hata ya kwaya, kila mmoja akiituma kwa maneno ya masikitiko. Masikitiko hayo hayamsaidii binti. Kila anayeituma anamvua nguo upya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, wala haimuulizi msambazaji kama alikuwa akicheka au akilia.

Tena ipo desturi ya kuyamaliza nyumbani. Mkosaji akiwa mjomba, mwalimu au jirani mwenye mali, wazee huketi, fedha au mbuzi hutolewa, na mtoto huambiwa anyamaze ili amani iwepo. Amani iliyonunuliwa kwa kimya cha mtoto haidumu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wala Kanisa halimo nje ya kanuni hii. Kwa hati ya Vos estis lux mundi ya mwaka 2019, ambayo aliithibitisha kuwa sheria ya kudumu mwaka 2023, Papa Fransisko aliwawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa kwa mamlaka ya Kanisa wapatapo habari za makosa ya namna hii, yakiwemo ya picha za ngono za watoto. Ikiwa kanzu haimfuniki padre, udugu usimfunike mjomba.

Wazazi wafanye nini? Mazungumzo yatangulie simu. Mitandao mingi ya kijamii imeweka umri wa chini kuwa miaka 13, lakini umri huo hutajwa na mtoto mwenyewe. Mlinzi wa mlango huo ni mzazi. Usiku, simu ilale sebuleni. Mzazi asiyejua kuitumia asione haya kumwambia mwanawe, “Nifundishe,” kwani anayefundishwa huoneshwa, na anayeoneshwa huona. Zaidi ya yote, amwambie mapema, kabla ya balaa: “Lolote likikupata huko, njoo kwangu kwanza. Sitakupiga.” Na siku mtoto akija, mzazi aitunze ahadi hiyo.

Balaa likishatokea, mtoto apokewe kwanza, maswali yafuate. Fedha isilipwe, kwa kuwa anayelipwa hurudi. Ujumbe usifutwe, maana ndio ushahidi. Wala picha isitumwe kwa yeyote, hata kwa kiongozi wa jumuiya. Simu yenyewe ipelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ipo pia namba 116, Simu ya Mtoto, ambayo hupigwa bila malipo na mzazi au na mtoto mwenyewe.

Tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zilitafakari jambo hili katika mikutano ijayo, zikijiuliza swali moja: mtoto wa jumuiya yetu akitishwa usiku wa leo, kesho asubuhi atamwendea nani? Jumuiya ambayo haina jina la kutaja, kazi yake ya haki na amani ianzie hapo.