KOMPYUTA YA KLINIKI NAYO IJUE KISWAHILI (Sehemu ya 6)

Mama zangu na wadogo zangu wa Lukozi, Mlalo mpaka Mtae, leo naongelea kitu kinachoonekana hakituhusu, kumbe kinatuhusu sana: lugha iliyowekwa kwenye kompyuta inayotafuta maelezo yako.

Wengi mnadhani nesi akiandika neno, mashine inamletea kila mahali lilipo. Siyo hivyo jamani. Anayefunga programu ndiye anayechagua lugha ya kutafutia. Asipochagua, mara nyingi inabaki Kiingereza.

Kiingereza hubadilisha neno mwishoni: nurse, nurses. Mashine inakata mkia, inayapata yote mawili. Kiswahili chetu kinabadilika kichwani: mtoto, watoto, kutokwa, alitokwa, ametokwa. Kisambaa nacho ni hivyohivyo: muntu, wantu. Kukata mkia hapo hakusaidii. Nikitafuta "kutokwa damu", mama aliyeandikwa "alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua" haonekani. Na huyo ndiye ambaye sitaki kabisa ajifungulie nyumbani, maana aliyetokwa damu nyingi uzazi uliopita yuko kwenye hatari ya kutokwa tena.

Kuna la pili. Kuna orodha ya maneno madogo ambayo mashine inayatupa wakati wa kutafuta. Kwenye PostgreSQL, programu ya kuhifadhia taarifa inayotumika sana duniani, orodha ya Kiingereza ina neno "same". Haya, wenzetu wangapi wametoka Same, hapo Kilimanjaro, wakaolewa huku? Andika Same, inatupwa.

Programu hiyohiyo inakuja na lugha zaidi ya 20. Kifini kimo, Kiswahili hakimo! Lugha ambayo dunia inaiadhimisha kila tarehe 7 Julai.

Mtaniambia, mbona daktari anaandika Kiingereza? Jina la ugonjwa, sawa. Lakini jina la kijiji chako na maneno uliyoyasema kwa mdomo wako, mara nyingi ni Kiswahili.

Maoni yangu ni haya: wanaofunga mifumo kwenye vituo vyetu wasiache Kiingereza kwa mazoea. PostgreSQL ina chaguo linaloitwa "simple", halikati mkia wala halina orodha ya kutupa. Waweke hilo, kisha waongeze kutafuta kwa kipande cha neno, ili "tokwa" ilete zote. Majibu ya ziada yatakuwa mengi, ni kweli. Afadhali nisome kumi nisiyoyahitaji kuliko kumkosa mama mmoja.

Na wewe mama, usiiachie mashine. Njoo na kadi ya mimba hii, na ya iliyopita kama unayo. Kutokwa damu, kupasuliwa, kupoteza mtoto: sema tena hata kama ulishasema. Muulize nesi, "Ile ya uzazi uliopita umeiona?" Hatakasirika, na akikasirika, uliza tena.

Mtumie na mwenzio mjamzito.