Vijana wa mjengo, tujue kuhesabu vyuma vya slabu

Mwaka jana nikiwa mtu wa mkono kwenye mjengo mmoja, nilitumwa kuhesabu vyuma vilivyoletwa na lori. Plani ilisema mm 12, kila baada ya mm 200. Vilivyoshuka vilikuwa vya mm 10. Nikamwambia foremani. Akacheka. "Wewe kijana, si tofauti ni milimita mbili tu? Beba."

Nikabeba.

Wengi wetu tunaofanya kazi ya mjengo, hata tuliomaliza Kidato cha Nne, tunadhani hesabu ya vyuma ni ya injinia peke yake. Kuchagua unene wa chuma na nafasi kati ya kimoja na kingine, hiyo kweli ni kazi yake, maana yeye ndiye anayejua slabu itabeba mzigo gani. Lakini kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kilichofungwa ni hesabu ya shule ya msingi.

Chukua slabu ya mita 4 kwa 5, vyuma kila sentimita 20. Gawa mita 5 kwa sentimita 20 upate 25, ongeza kimoja cha mwanzo: vipande 26 vya mita 4. Upande wa pili, mita 4 zinakupa 20, ongeza kimoja: vipande 21 vya mita 5. Jumla ni mita 209. Chuma cha dukani kina mita 12, kwa hivyo kikokotoo cha simu kitakuambia 18 vinatosha. Hapo ndipo watu huumia. Chuma kimoja hutoa vipande vitatu vya mita 4 bila kubakisha kitu, lakini vya mita 5 hutoa viwili tu, na mita 2 zinabaki chini. Ukihesabu kwa vipande unahitaji 9 na 11, yaani 20. Sasa aliyenunua 18 atafanya nini asubuhi ya kumwaga slabu, mashine ikiwa tayari inanguruma? Atapanua nafasi.

Na zile milimita mbili? Nguvu ya chuma haifuati unene wake moja kwa moja, inafuata eneo la ncha iliyokatwa. Kumi mara kumi ni 100. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144. Ukibadilisha 12 kwa 10 umepoteza karibu asilimia 30 ya chuma. Ukipanua na nafasi kutoka mm 200 hadi 300, kila mita ya slabu inabaki na chini ya nusu ya chuma alichotaka injinia. Ikishamwagwa, kwa macho slabu hiyo ni kama nyingine yoyote.

Tena kuna mahali hesabu inakuwa sawa na kazi bado ni mbaya. Vyuma vya balkoni inayoning'inia hukaa juu, si chini, kwa sababu huko juu ndiko zege huvutwa. Tunavikanyaga na mikokoteni yetu ya zege vinalala chini, na hakuna anayeviinua.

Aprili 2016 ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, likaua zaidi ya watu 50. Sisemi ni vyuma tu vilivyoliangusha. Lilikuwa limejengwa bila idhini, kando ya mto, na mvua ilikuwa kubwa. Ila waliokuwa ndani walikuwa wapangaji wa kawaida, watu kama sisi tunaobeba zege.

Najua jibu lenu: ukiuliza sana kesho huitwi kazini. Ni kweli, na mimi ndiyo maana nilibeba. Lakini wakaguzi wa NCA hawawezi kulala kwenye kila mjengo. Sisi ndio tuko hapo waya inapofungwa. Weka tepu juu ya vyuma, piga picha kabla ya zege kumwagwa, mtumie injinia ambaye jina lake liko kwenye plani. Picha haigombani na foremani.

Slabu ile tuliimwaga Jumamosi. Siku hizi kuna familia inakaa chini yake, wameweka mapazia ya kijani. Nikipita hapo naangalia dari kupitia dirishani, kisha natembea haraka.