Joto Lisiloonekana Laangamiza Kompyuta Zetu

Kwa miaka mingi nimeamini, kama waaminivyo wengi wanaoishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kwamba baridi ya kwetu ni kinga tosha kwa mitambo. Jambo nililolishuhudia katika karakana moja mjini Embu limenilazimu kuiacha imani hiyo.

Kijana mmoja anayejipatia riziki kwa kuhariri video za harusi na matanga alikuwa ameirejesha kompyuta yake kwa fundi kwa mara ya tatu. Alikuwa ameiongezea prosesa kasi kupita kipimo kilichowekwa na watengenezaji, ili kazi ya Jumamosi iwe tayari Jumatatu, na tangu hapo mashine ikawa inazimika ghafla kila alasiri. Fundi aliligusa bati la kupozea kwa kiganja, akatikisa kichwa, akasema: "Prosesa imekwisha, ndugu yangu. Tafuta nyingine." Bei aliyoitaja ilikaribia mapato ya harusi mbili.

Ilitokea kwamba mwalimu wa ufundi aliyekuja kununua waya alikuwa na kamera ndogo ya joto, ile inayochomekwa kwenye simu. Tuliondoa ubavu wa kasha, tukaitwika mashine kazi nzito, tukangoja. Kipimo cha ndani cha prosesa kilionyesha nyuzi 70, joto ambalo si la kutisha. Lakini kando yake, kwenye ubao mkuu, ilijitokeza safu ya vipande vidogo vinavyoipatia prosesa umeme, visivyofikiwa na upepo wa feni. Hapo palikuwa na nyuzi 112. Prosesa iliyohukumiwa kifo haikuwa na hatia yoyote. Feni ndogo ilielekezwa mahali pale, kasi ikapunguzwa kidogo, na kijana akaenda zake.

Inafaa ieleweke kwamba simlaumu fundi. Alitumia chombo alichokuwa nacho, nacho ni kiganja. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini joto la namna hii halina wingu: hujificha mahali padogo kama ukucha. Miale inayobeba joto hilo iligunduliwa na William Herschel mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu ya mwanga uliopasuliwa na kioo cha pembe tatu. Leo mafundi wa umeme katika nchi nyingi huitumia kukagua transfoma na viungio vya nyaya kabla havijaungua. Sioni kwa nini karakana zetu zinyimwe msaada huo.

Wanaoharakisha kompyuta zao nao wanastahili kuambiwa wanachokifanya. Kasi ikipanda kwa asilimia 20, na volteji ikalazimika kupanda kwa asilimia 10 ili mashine isiyumbe, joto halipandi kwa asilimia 20 wala 30, bali kwa takribani asilimia 45, kwa kuwa nyongeza ya volteji huhesabiwa mara mbili. Prosesa za siku hizi hujilinda kwa kujipunguzia mwendo zinapokaribia nyuzi 100. Vipande vilivyo kando yake mara nyingi havina mlinzi wa aina hiyo.

Na ile baridi yetu? Mji wa Meru uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 14, hivyo feni ileile, ikizunguka kwa mwendo uleule, husukuma hewa pungufu ya kubeba joto. Baridi ya asubuhi hufidia kasoro hiyo. Chumba kidogo chenye mashine sita na dirisha lililofungwa kwa kuogopa wezi hakifidii chochote. Sijataja vumbi.

Naomba nisieleweke kwamba kamera hii ni mganga wa kila ugonjwa. Huona uso wa kitu tu, wala haiwezi kuona prosesa iliyofunikwa na bati. Haipenyi kioo cha kawaida. Anayekagua kupitia ubavu wa kioo hupima joto la kioo. Chuma king'aacho huidanganya, kikaonekana baridi hali kinachoma, mpaka kibandikwe kipande cha utepe mweusi wa umeme. Haya hayajulikani kwa kubahatisha, hufundishwa.

Ndiyo maana nazielekeza kauli zangu kwa vyuo. Meru ina Meru National Polytechnic na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Embu ina chuo kikuu chake. Kamera ya kawaida hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, fedha ambazo fundi wa kibanda hawezi kuzitoa kwa chombo atakachokitumia mara mbili kwa wiki. Chuo chaweza. Kinunue, kitenge siku moja kwa juma, fundi yeyote alete mashine iliyomshinda kwa ada ndogo, na wanafunzi wajifunze papo hapo kwa matatizo ya kweli badala ya michoro ya ubaoni. Serikali za kaunti, ambazo tangu mwaka 2013 hazijachoka kutuahidi ajira za kidijitali, zaweza kuchangia bila kuitisha kongamano hotelini. Wauzaji wa kompyuta zilizotumika nao wapeleke huko bidhaa zao, mnunuzi aione picha ya joto kabla ya kulipa.

Kijana wa Embu alipata jibu kwa sababu tu mwalimu alihitaji waya siku ile. Ningependa kujua ni wangapi huko Nkubu, Maua, Runyenjes na Siakago waliokwisha kununua prosesa ambazo hawakuzihitaji.