Drili inapotoboa kombo, usikimbilie kununua biti

Mzazi wa Lizaboni au Mfaranyaki aliyemsomesha mwanawe useremala pale VETA Songea anaijua siku ile: kijana amemaliza, familia imechanga, drili ya kusimama imewekwa uani chini ya bati. Baada ya wiki mbili furaha inapungua. Stuli zinayumba, matundu ya miguu yameenda kombo, na mninga ulionunuliwa kwa hela ya mahindi umegeuka kuni. Kijana anaomba biti mpya.

Kabla hujatoa hela, mwambie akague meza ya mashine. Biti iwe kali namna gani, ikishukia meza iliyoinama, tundu litainama tu. Ukaguzi wenyewe ni bure. Achomoe waya wa umeme. Achukue waya mgumu, hata wa hanga ya nguo, aukunje kama herufi Z. Ncha moja aibane panapokaa biti, nyingine iguse meza mbali kidogo na katikati. Kisha auzungushe kwa mkono, taratibu. Ncha ikigusa sawasawa mbele, nyuma, kulia na kushoto, meza imenyooka. Ikikwaruza kulia na kuelea kushoto, alegeze boliti ya meza, ainyooshe, akaze, azungushe tena. Meza nyingi hulala kulia na kushoto tu, kwa hiyo kasoro ya mbele na nyuma huondolewa kwa kuchomeka kipande chembamba cha bati chini ya ubao unaofungwa juu ya meza.

Ubao huo nao ni wa lazima. Kazi ikiukalia, tundu hutokea chini safi, mbao haichaniki.

Sasa zile stuli. Kijana anayepima kila mguu kwa tepu atapata miguu minne yenye matundu manne tofauti. Afunge kwa klampu kipande kilichonyooka nyuma ya biti, na kingine kidogo pembeni cha kuzuia. Anapima mara moja. Miguu mingine inaegemezwa pale pale na kutobolewa. Kile kidogo akikate kona ya chini, maana vumbi la mbao likijibana hapo, kipimo kinahama. Kwa mti wa mviringo, kama mpini wa jembe, achonge mfereji wa V kwenye kipande kizito ili usibiringike.

Vipande hivi vyote hutoka kwenye mabaki.

Na hapa mzazi asikilize zaidi kuliko kijana. Biti ikinasa, huizungusha kazi kwa nguvu kufuata mshale wa saa, na mkono wa mtu hauwezi kuizuia. Vipande vidogo vibanwe kwa klampu. Mbao ndefu ielekezwe kushoto, ubavu wake ukiegemea nguzo ya mashine, ili ikinasa igonge chuma badala ya mbavu za kijana. Glavu zivuliwe, kwa sababu biti ikishika kitambaa inavuta na vidole. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, nywele zifungwe, na anayevaa khanga aiache mbali na mashine.

Wadogo zake wakiwa uani, waya wa umeme uchomolewe kila anapoondoka, hata kama anakwenda kunywa maji tu.