Si Kila Ajuaye Lugha Anaweza Kufundisha Kuiandika

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ni ile isemayo kwamba yeyote aijuaye lugha vizuri anaweza kufundisha namna ya kuiandika, na kwamba kwa sababu hiyo somo la uandishi wa kitaaluma ni huduma tu, ya kukabidhiwa mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa juzi au mwalimu wa muda, huku utafiti wa kweli wa lugha ukiachiwa wanaisimu wanaochunguza fonolojia, yaani mfumo wa sauti, na sintaksia, yaani mpangilio wa maneno katika sentensi. Imani hii ni potofu, na hasara yake ni ya pande mbili: inawanyima wanafunzi walimu wanaowastahili, na inawafungia wanaisimu vijana uwanja mpana wa ajira na utafiti.

Watetezi wa imani hiyo hudai kwamba uandishi ni stadi, si maarifa, na kwamba mwanafunzi huipata stadi hiyo kwa kusoma sana na kusahihishwa makosa. Kwamba kusoma sana kunamjenga mwandishi ni kweli isiyo na ubishi. Usahihishaji, hata hivyo, humwonyesha mwanafunzi mahali alipokosea bila kumweleza kwa nini amekosea, na mara nyingi msahihishaji mwenyewe hawezi kueleza.

Chukua kirai ambacho wasimamizi wa tasnifu za Kiswahili hukutana nacho mara kwa mara: “wanafunzi ambao waliofaulu”. Msahihishaji wa kawaida hukipigia mstari mwekundu na kuendelea. Mwanaisimu huona kwamba mwandishi amechanganya miundo miwili ya urejeshi, yaani njia ya kuiunganisha nomino na kishazi kinachoifafanua, ambayo kila mmoja peke yake ni sahihi: “wanafunzi waliofaulu”, ambamo kirejeshi kimo ndani ya kitenzi, na “wanafunzi ambao walifaulu”, ambamo kirejeshi kimebebwa na amba-. Huona pia kwamba kuyumba huko kuna chanzo, kwa kuwa njeo ya -li- inakubali miundo yote miwili ilhali hali timilifu ya -me- katika Kiswahili sanifu huhitaji amba-, kama katika “wanafunzi ambao wamefaulu”, hivyo mwandishi aliyeanza na kirejeshi cha ndani ya kitenzi hulazimika kuhama kutoka muundo mmoja hadi mwingine ndani ya aya moja. Mwanafunzi huyu hana upungufu wa Kiswahili, kwani miundo yote miwili anaijua. Alichokosa ni kanuni ya kuchagua, na kanuni hiyo hufundishwa kwa dakika chache na mtu aliyeisomea.

Kwamba makosa ya waandishi wanafunzi yana mantiki yake si dai jipya. Chuo cha City College, New York, kilipofungua milango mwaka 1970 kwa vijana wengi ambao hapo awali wasingepokelewa, Mina Shaughnessy, aliyesimamia ufundishaji wa uandishi chuoni hapo, alichambua insha zipatazo 4,000 za wanafunzi wapya, na katika kitabu chake Errors and Expectations cha mwaka 1977 alionyesha kwamba makosa yaliyochukuliwa kuwa ushahidi wa uzembe yalikuwa na ruwaza zinazoeleweka. Darasa lililodharauliwa lilizaa mojawapo ya kazi za msingi katika taaluma ya uandishi nchini Marekani.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Afrika Mashariki. John Swales alifundisha Kiingereza kwa wanafunzi wa sayansi na uhandisi nchini Libya, na baadaye Chuo Kikuu cha Khartoum, Sudan, katika kazi ambayo wengi wangeiita huduma. Kutokana na maswali ya aina hiyo ya ufundishaji alichunguza utangulizi wa makala 48 za kitaaluma na kubaini kwamba waandishi hupita hatua zinazofanana: huonyesha umuhimu wa uwanja, hubainisha pengo lililoachwa na watangulizi, kisha huonyesha jinsi kazi yao inavyoliziba. Kitabu chake cha mwaka 1990, Genre Analysis, kiliuweka uchambuzi huo wa tanzu za kitaaluma katikati ya isimu tumizi, yaani tawi linaloelekeza maarifa ya isimu kwenye matatizo halisi ya matumizi ya lugha.

Kwa Kiswahili kazi ya namna hiyo ina uharaka wake. Kijana wa Tanzania aliyesoma shule za umma, anayefika chuo kikuu na kutakiwa kuandika tasnifu kwa Kiswahili, amepitia miaka 6 ya sekondari akiandika masomo karibu yote kwa Kiingereza, hivyo hakuwahi kufunzwa kujenga hoja ndefu ya kisayansi kwa Kiswahili. Matokeo yake huonekana katika sura ya mapitio ya kazi tangulizi, ambamo fulani anasema hivi na mwingine anasema vile, ukurasa baada ya ukurasa, bila pengo la utafiti kujitokeza. Je, hatua alizozibaini Swales zinafaa kwa tasnifu ya Kiswahili, au ukosoaji wa watangulizi hufuata adabu nyingine? Swali hilo hujibiwa kwa kopasi, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini uliohifadhiwa katika kompyuta kwa ajili ya uchambuzi, na anayeweza kuujenga ni mwanaisimu aliye darasani.

Uchunguzi wa Kiswahili una historia ya fahari, tangu Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili hadi taasisi iliyoirithi, iliyowekwa chini ya chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, ambayo ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kazi hiyo iliyasanifisha maneno na tahajia. Iliyobaki ni kuchunguza kwa bidii ileile jinsi maneno hayo yanavyogeuka kuwa aya, hoja na tasnifu.

Kwa hiyo vyuo vikuu vinapaswa kuunda nafasi za kudumu za uhadhiri katika ufundishaji wa uandishi, kuzijaza kwa watu waliosomea isimu tumizi, na kuhesabu utafiti wa maandishi ya wanafunzi katika kuwapandisha vyeo, kama unavyohesabiwa utafiti wa sauti na sentensi. Kizuizi kikubwa si uhaba wa fedha peke yake, kwa sababu somo hilo tayari lina ratiba, wanafunzi na walimu. Kinachokosekana ni heshima ya kitaaluma. Chuo kinachomkabidhi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa mtu aliyepangiwa somo la uandishi kwa sababu tu alikosa kipindi kingine hakina haki ya kumlaumu mwanafunzi huyo, miaka mitatu baadaye, kwamba hajui kuandika.