Swali Kabla ya Simu

Mama amerudi zahanati na mtoto wa miezi kumi na minne. Mtoto anahara, na kila anapopewa kidonge cha zinki kilichoyeyushwa hukitapika. Mama amechoka, anauliza kama dozi haiwezi kupunguzwa, la sivyo ataiacha kabisa. Muuguzi anachukua simu na kuandika “kuhara kwa watoto”. Nusu saa baadaye amesoma kuhusu kunawa mikono, chanjo ya virusi vya rota, usafi wa vyoo na kipindupindu. Yote ni mambo ya kweli na yenye manufaa. Lakini kifurushi cha data kimekwisha, na swali la mama bado halijajibiwa.

Mfano huu ni wa kubuni, ila wahudumu wengi wa afya na wanafunzi wa tiba watajitambua ndani yake. Ujuzi uliokosekana hapo ni ule wa kuamua, kabla ya kugusa simu, ni jambo gani linalotafutwa, kwa ajili ya uamuzi gani, na ni wapi msomaji atasimama. Ujuzi huo unastahili kufundishwa na kupimwa kama ujuzi mwingine wowote wa kitabibu.

Kwa kawaida, mafunzo ya kutafuta maarifa mtandaoni huanzia kwenye vyanzo. Mwanafunzi huonyeshwa PubMed, hifadhidata iliyo wazi kwa umma bila malipo tangu mwaka 1997. Huelezwa pia kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 ili majarida ya sayansi yazifikie nchi za kipato cha chini bila malipo au kwa bei nafuu. Mafunzo hayo ni ya lazima. Hata hivyo, humwonyesha msafiri njia zote kabla hajaulizwa aendako.

Saikolojia ya malengo imelieleza jambo hili kwa miaka mingi. Edwin Locke, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha makala yake ya msingi mwaka 1968, kisha akaiendeleza nadharia hiyo pamoja na Gary Latham. Walionyesha kuwa mtu aliyepewa lengo mahususi na lenye ugumu wa kutosha hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa tu ajitahidi kadiri awezavyo. Utafiti uliofuata uliongeza tahadhari muhimu: kazi inapokuwa ngumu na ngeni, lengo la kujifunza mara nyingi hufaa kuliko lengo la kutimiza idadi. Kwa mwanafunzi, “kusoma makala tano usiku huu” ni lengo la idadi. “Kuweza kumweleza mama, bila kutazama simu, kwa nini mtoto wake anapewa zinki” ni lengo la kujifunza. La kwanza hutimia hata pale ambapo hakuna kilichoeleweka.

Tiba yenyewe ina chombo cha kulinoa lengo la namna hiyo. Tangu miaka ya 1990, wafuasi wa tiba inayozingatia ushahidi wamefundisha kuligawa swali katika sehemu nne: mgonjwa ni nani, tiba gani inafikiriwa, inalinganishwa na nini, na matokeo gani yanatazamwa. Muuguzi angetumia dakika mbili na kalamu, swali lake lingekuwa hili: kwa mtoto wa zaidi ya miezi sita anayehara, je, dozi ndogo ya zinki, ikilinganishwa na miligramu 20 kwa siku, inatibu vilevile na kupunguza kutapika?

Swali hilo lina jibu. Miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, ndicho kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2004 kwa watoto wa umri huo. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 4,500 wa India na Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Dozi za miligramu 5 na 10 hazikuwa duni kuliko ya 20 katika kutibu kuhara, na watoto waliopewa dozi hizo walitapika kidogo zaidi. Ushahidi huo, uliotokana kwa sehemu na watoto wa Tanzania, haukuonekana kwa aliyeandika “kuhara kwa watoto”.

Lengo zuri pia huonyesha mahali pa kusimama. Jaribio moja halimruhusu muuguzi kubadili dozi kwa hiari yake. Hatua inayofuata ni kufungua mwongozo wa matibabu wa taifa unaotumika wakati huo na kumwuliza daktari anayemsimamia. Akifika hapo, utafutaji umekwisha na kazi inaanza.

Bila mpaka huo kuna hatari nyingine. Mwaka 2015 Matthew Fisher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba watu waliotoka kutafuta maelezo mtandaoni walijiona wana uwezo mkubwa zaidi wa kueleza hata mambo ambayo hawakuyatafuta. Kwa mhudumu wa afya, kujiona unajua usichokijua ni jambo linaloweza kumdhuru mgonjwa. Kipimo chake ni rahisi: kuifunga simu na kuandika jibu kwa maneno ya mtu mwenyewe. Asiyeweza kuliandika bado hajalijua.

Wapo watakaosema kuwa malengo huua udadisi, na kwamba mambo mengi mema hupatikana kwa bahati. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa mgeni wa somo ambaye bado hana hata maneno ya kuulizia. Mtu huyo ana haki ya kuzurura, mradi ajue kuwa anazurura, na aupangie uzururaji huo muda wake mbali na saa za wagonjwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba lengo baya linapotosha. Anayetafuta “faida za mmea fulani katika kutibu kisukari” ameshajijibu kabla ya kuuliza, na mtandao utampa faida alizoziomba. Swali halali ni lile linaloweza kupata jibu la “hapana”.

Marekebisho yanayohitajika hayana gharama kubwa. Mwalimu wa wodini anayemtuma mwanafunzi akasome amtake kwanza aandike mistari mitatu: swali, uamuzi unaolisubiri, na mahali pa kusimama. Kesho yake, kabla ya kumwuliza amepata nini, amwulize alikuwa akitafuta nini. Katika mitihani ya vitendo, swali lililoundwa vizuri lipewe alama zake, hata kama jibu halikukamilika. Wasimamizi wa zahanati nao wanaweza kuweka daftari moja la maswali yaliyotokana na wagonjwa, ili jibu lililopatikana leo lisitafutwe upya na mwingine wiki ijayo.

Mama wa yule mtoto hahitaji muuguzi aliyesoma kila kitu kuhusu kuhara. Anahitaji kujua, kabla hajaondoka zahanati, kama mwanawe aendelee na dawa na kwa kiasi gani.