Kopo la vitamini D halizibui mkojo

1.
Baba zangu na kaka zangu wa Mwandiga, leo nitakuwa mkali kidogo, mtanivumilia. Mwezi huu peke yake nimekuta makopo matatu ya vitamini D kwenye mifuko ya wazee walioletwa mkojo umeziba. Sio umepungua, umeziba kabisa. Kibofu kimejaa mpaka kinaonekana chini ya kitovu, mtu mzima analia. Wote watatu waliambiwa hiyo kitu "inasinyaza tezi dume". Mmoja kauza mbuzi wawili ili asikatishe dozi.

2.
Muuzaji anakwambia wanaume weusi tunaugua saratani ya tezi dume kwa kukosa vitamini D. Maneno haya yana asili yake. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliuliza kama upungufu wa vitamini D unachangia, maana kule wanaume weusi wanaugua zaidi na damu zao zina vitamini hiyo kidogo: ngozi nyeusi, nchi ya baridi, jua la miezi michache. Lilikuwa swali. Limefika kwetu likiwa jibu, tena limebandikwa bei.

Sasa jiangalie wewe. Kigoma tuko kama nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Unashinda kwenye michikichi, au juu ya bodaboda njia ya Manyovu, au unaanika dagaa Kibirizi. Jua likigusa ngozi mwili unajitengenezea vitamini D wenyewe, na samaki unayekula anaongezea. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Wamasai na Wahadzabe, hapa hapa Tanzania: wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati wataalamu wengi wanaona 50 inatosha. Hakuna aliyewauzia kopo.

3.
Na lile swali lilishapimwa. Utafiti wa VITAL, Marekani, watu 25,871, wengine wakapewa vitamini D yuniti 2,000 kila siku, wengine kidonge kisicho na kitu, kwa zaidi ya miaka mitano. Majibu yalitoka 2018: saratani haikupungua kwa kiasi cha maana, ya tezi dume ikiwemo.

"Sista, si vitamini tu, ina madhara gani?" Kuna utafiti mwingine, SELECT, wanaume zaidi ya 35,000, wao walijaribu vitamini E wakitegemea italinda tezi dume. Mwaka 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E wamepata saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 17. Vitamini tu! Na hiyo D ukiizidisha inapandisha kalsiamu kwenye damu: kiu, kichefuchefu, mawe kwenye figo, figo zenyewe kuumia. Mtu ambaye mkojo unamrudia, figo zake tayari zina mzigo.

Sisemi vitamini D ni takataka. Mtoto mwenye matege anaihitaji. Mzee anayechomwa sindano za kushusha homoni kwa ajili ya saratani hii, daktari anaweza kumwandikia pamoja na kalsiamu, lakini hapo tunalinda mifupa yake, hatutibu tezi.

4.
Tuseme ukweli sasa. Mnanunua makopo kwa sababu mnaogopa kidole. Haya, nimesema. Kuna kipimo cha damu kinaitwa PSA, mara nyingi ndio mnaanza nacho. Kidole kikihitajika ni dakika moja, na hakuna mwanaume aliyetoka pale akiwa mwanamke. Halafu tezi kuvimba mara nyingi wala sio saratani, kuna vidonge vya kulegeza njia ya mkojo, wengi wanaendelea na maisha yao.

Mobutu, ng'ambo ya ziwa hapo, alikuwa na hela za kutibiwa Uswisi, saratani ya tezi dume ikamuua 1997. Mandela aligundulika nayo 2001, akatibiwa, akaishi mpaka 2013. Pesa haikuwa tofauti yao.

5.
Na nyie wenzangu wa kada. Mnajijua. Mnavaa sare asubuhi, jioni mnauza makopo kwenye magrupu ya WhatsApp na picha mkiwa na hiyo hiyo sare. Yule mzee wa mbuzi hakumwamini muuzaji wa sokoni, aliamini sare. Tulipomwekea mpira wa mkojo alishika mkono wangu akaniuliza aendelee na kopo au aache.

6.
Wewe uliye na miaka 50, au 45 na baba au kaka yako aliugua: ukiamka usiku mara tatu nne kukojoa, mkojo ukitoka kwa kukatikakatika, ukiona damu, au mgongo unauma bila sababu, njoo. Tukishindwa hapa tutakuandikia rufaa Maweni. Kama unaona aibu kwenye foleni, sema umekuja kupima presha. Nitaelewa. Kesho niko zamu ya asubuhi.